Bwawa la Uani Katika Nchi ya Ukame



Mmenitaka nieleze habari za bwawa nililochimba uani kwangu hapa Buigiri, lenye maporomoko matatu. Nitaanza na hesabu, maana katika nchi hii bwawa lisilo na hesabu ni shimo tu.

Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Lakini jua na upepo huweza kukausha milimita 2,000 za maji yaliyo wazi kwa mwaka huo huo. Paa langu la mabati lina meta za mraba 60. Kwa mvua ya milimita 550, ukiondoa yanayopotea, nakinga lita 26,000 hivi. Ningeyatandaza katika bwawa pana lenye kina cha meta moja, yangekauka kabla ya mvua kurudi. Kwa hiyo nilichimba meta 3 kwa 2, kina meta 2 na nusu, yaani lita 15,000. Kiangazi hula karibu nusu, na kivuli cha fito na nyasi huokoa zaidi. Yanayofurika masika huenda kwenye mizabibu.

Sasa maporomoko. Maji ya uani huja na udongo, na udongo ndio adui wa mabwawa yetu. Bwawa la Ikowa, katika wilaya hii ya Chamwino, lilijengwa mwaka 1957. Watafiti walipolipima miaka michache baadaye walikuta tope limekwisha kula sehemu ya nafasi ya maji. Ndiyo sababu maji yangu hupita kwanza katika vibeseni vitatu vya mawe na saruji, kimoja chini ya kingine. Katika kila kibeseni maji hutulia, tope huzama, na yaliyo juu huporomoka kwenda kibeseni cha pili. Kila baada ya mvua kubwa nachota tope hilo kwa koleo na kulirudisha bustanini. Kuporomoka nako huyatia maji hewa, jambo linalowafaa perege, nao perege hula viluwiluwi vya mbu.

Mzee mmoja jirani alinikemea wazi: “Maji ya kutazama Ugogo? Ni dhihaka kwa wanaobeba ndoo.” Neno lake lilikuwa la haki. Ningeweka pampu ili maji yaporomoke mchana kutwa, ningeyapoteza bure. Maporomoko yangu huimba mvua inaponyesha tu. Oktoba iliyopita nyumba tatu, ya mzee huyo ikiwamo, zilimwagilia mchicha na kunywesha mbuzi kwa maji hayo.

Anayetaka kuiga azingatie mambo mawili. Kwanza, zungusha uzio imara wenye lango la kufungwa, kwa sababu ya watoto. Pili, usipande minyaa ukingoni; utomvu wake huua samaki.

Nanyi vijana, shule yenu ina mapaa marefu kuliko langu. Chukueni futi kamba mkayapime, mpige hesabu, kisha mpelekeeni Mwalimu Mkuu jibu kabla ya Desemba.