Spana ya Bei Kubwa, Spana ya Bei Chee

Msikilizaji wa Kibondo na Kasulu, leo tunazungumza na mafundi baiskeli, pamoja nawe unayejifungia nati nyumbani. Je, spana ya bei kubwa ina faida?

Kuna vifaa ambavyo bei haisaidii kitu. Pampu ya kawaida, msasa, gundi na kiraka vinaziba pancha vizuri tu. Nyundo nayo, ilimradi mpini umeshika.

Spana ni habari nyingine. Baiskeli zetu hubeba magunia ya maharage na mikungu ya ndizi, zikipanda na kushuka milima. Nati zake hukazwa kwa nguvu, na masika hushika kutu. Spana ya chuma laini hutanuka mdomo, huteleza, hula kona za nati, na vidole vya fundi huchubuka. Kwa hiyo nasema wazi: fundi anayeanza asinunue seti nzima ya bei chee. Anunue chache zilizo imara, kwanza namba 15, inayofungua pedeli nyingi, kisha zile za nati za magurudumu. Pedeli ya kushoto, tafadhali, hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Ya kulia ni kinyume.

Dukani usitegemee maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, maana huigwa. Nenda na nati yako, uivishe spana. Ikichezacheza, irudishe. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, iwe ya akiba, isiguse nati iliyoganda. Nati hiyo itie mafuta kwanza, usubiri yapenye.