Senti za Simu ya Dharura: Fundisho Kutoka Majimbo ya Marekani



Mtu anayeona moshi ukitoka chumbani mwa watoto hana muda wa kutafuta namba ya simu. Huibonyeza ile moja anayoikumbuka, akitumaini kwamba upande wa pili yupo mtu aliye macho. Swali la leo ni hili: mshahara wa mtu huyo aliye macho hutoka wapi? Marekani imekuwa ikilijibu swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yake, mema na mabaya, yanamfaa kila mwenye dhamana ya huduma za wananchi.

Namba ya dharura ya nchi hiyo ni 911. Simu ya kwanza kwa namba hiyo ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama. Mpigaji alikuwa Rankin Fite, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Aliyeipokea katika kituo cha polisi alikuwa Tom Bevill, mjumbe wa Bunge la Marekani. Ilipofika mwaka 1999, sheria ya shirikisho iliitambua 911 kuwa namba ya dharura ya nchi nzima.

Namba ni moja, lakini vituo vinavyoipokea ni maelfu, na vingi huendeshwa na kaunti na miji. Kila kituo huhitaji wapokea simu wa zamu usiku na mchana, mitambo ya kuonyesha mahali alipo mpigaji, na umeme wa akiba. Gharama hizo hazipungui siku ambayo hakuna moto wala ajali. Simu ikikaa kimya usiku kucha, mpokeaji bado anastahili ujira wake, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kuwapo.

Ili kulipia kazi hiyo, mabunge ya majimbo yalitunga sheria za tozo. Kila laini ya simu hulipiwa kiasi kidogo kila mwezi, kampuni ya simu hukikusanya pamoja na bili, kisha hukiwasilisha serikalini. Huko Texas, simu ya mkononi yenye mkataba hutozwa senti 50 kwa mwezi. New Jersey hutoza senti 90. Hakuna kaya inayofilisika kwa senti hizo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, sheria hizo zimekutana na mitihani miwili.

Mtihani wa kwanza ni kwamba simu zenyewe zilibadilika. Sheria za mwanzo ziliandikwa kwa ajili ya simu za mezani. Zilipokuja simu za mkononi, na baadaye zile za kulipia kabla ya matumizi zisizo na bili yoyote ya mwezi, mkusanyaji alikosa mahali pa kukusanyia. Texas ilijibu kwa kutoza asilimia 2 ya bei pale huduma hiyo inaponunuliwa dukani. California nayo ilikuwa ikitoza asilimia ya malipo ya mazungumzo ya simu ndani ya jimbo. Watu walipohamia kwenye ujumbe na intaneti, mapato yalishuka ilhali hitaji la msaada lilibaki palepale. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, na kuanzia Januari 2020 tozo ikawa kiwango kimoja kwa kila laini, kisichozidi senti 80 kwa mwezi.

Mtihani wa pili ni mgumu zaidi, maana hautokani na mitambo bali na watu. Fedha iliyokusanywa kwa jina la dharura huwavutia wengi bajeti inapobana. Mwaka 2004 Bunge la Marekani liliagiza kwamba jimbo linalohamisha tozo ya 911 kwenda kwenye matumizi mengine lisipate ruzuku ya shirikisho ya kuboresha huduma hiyo. Mwaka 2008 likaitaka Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano itoe ripoti kila mwaka, ikieleza kila jimbo limekusanya nini na limetumiaje. Katika ripoti hizo New York na New Jersey zimetajwa mara kwa mara miongoni mwa majimbo yaliyohamisha fedha hizo.

Majimbo hayakukosa hoja. Yapo yaliyosema kwamba polisi na zimamoto nao ni sehemu ya dharura, hivyo fedha haikupotea. Hoja hiyo ina uzito, lakini ikikubaliwa bila mpaka, kila gari la serikali litakuwa gari la dharura. Ndiyo sababu sheria ya mwishoni mwa mwaka 2020 iliiagiza Tume kuweka mpaka, na kanuni zilizofuata mwaka 2021 zikafafanua kwamba kuhamishia tozo kwenye mfuko mkuu wa jimbo kwa matumizi yasiyohusu 911 si matumizi halali ya fedha hiyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya tozo inayotaja kiwango pekee imefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kutaja mfuko unaopokea, matumizi yanayoruhusiwa, na siku ambayo hesabu zitasomwa hadharani. Mwananchi aliyelipa senti zake ana haki ya kuuliza, na kituo kilichoahidiwa fedha kina haki ya kuipata.

Hapa Tanzania mwananchi hupiga 112 kuwaita polisi na 114 kuwaita zimamoto. Mfumo wake si ule wa Marekani, lakini swali la aliye macho upande wa pili halibadiliki. Kila mara baraza lolote linapokaa kupitisha fungu la huduma ya dharura, inafaa akumbukwe yule mtu mbele ya mlango wenye moshi. Yeye hatauliza fedha ilikwenda wapi. Atasikiliza tu kama kuna anayepokea.