BOMA LA MPALA NA KICHWA CHA LUSINGA

Hotuba kwa wachimba madini na watu wa mji, Baraka



Leo nitawaelezeni habari za nyumba moja. Haiko hapa Baraka, lakini iko upande wetu huu huu wa Ziwa Tanganyika. Ukishuka kusini kwa boti, ukaipita Kalemie na kabla hujafika Moba, utaona mto Lufuko unaingia ziwani. Hapo ndipo Mpala. Mtu anayetaka kujua serikali ya kigeni iliingiaje katika pwani hii, na aanzie pale.

Mwaka 1879 chama cha Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, kilijenga kituo Karema, ng'ambo ya ziwa, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Mwaka 1882 akafika huko afisa mmoja wa jeshi, jina lake Émile Storms. Mwezi wa Mei 1883 alivuka ziwa, akaja Mpala. Mahali pale palikuwa na chifu wa Watabwa, naye Mpala ndilo jina lake. Chifu akampokea mgeni kwa desturi zetu, wakachanjiana undugu, mgeni akapewa mahali pa kukaa. Akajenga boma lenye kuta nene, akaweka askari ndani yake. Watu wakamwita Bwana Boma. Tazameni neno hilo, ndugu zangu. Mtu ameitwa kwa jina la nyumba yake, na hata sasa ng'ambo kule ofisi ya serikali ya wilaya huitwa boma.

Katika milima ya upande ule alikaa chifu mwingine mwenye nguvu, Lusinga. Sitawadanganya: Lusinga hakuwa malaika. Alikuwa na bunduki, na alishambulia vijiji na kuuza watu utumwani. Wako wengi waliolia kwa ajili yake. Lakini Storms hakumpiga kwa sababu ya machozi ya hao tu. Lusinga hakutaka kuinama mbele ya boma, na nchi haiwezi kuwa na wakubwa wawili. Tarehe 4 Desemba 1884 askari waliotumwa na Storms walimwua Lusinga, wakamkata kichwa, wakamletea bwana wao.

Sasa shikeni vizuri tarehe hiyo. Tangu Novemba 1884 mpaka Februari 1885 wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa mezani huko Berlin, wakijadili biashara na mipaka ya Afrika, na kusema maneno mazuri juu ya kukomesha utumwa. Huko walikuwa wakitia sahihi karatasi, na huku kichwa cha chifu kilikuwa kinatolewa milimani kuletwa bomani. Hakuna Mtabwa, wala Mbembe, wala Mkongo yeyote aliyeitwa Berlin kusema neno.

Storms alirudi kwao mwaka 1885. Alichukua mafuvu matatu: la Lusinga, la Maribou na la Mpampa. Alichukua pia sanamu ya mti ya wazee wa Lusinga. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Brussels, Émile Houzé, aliyapima mafuvu hayo na kuandika habari zake, kama watu wanavyopima mawe ya mgodi. Ile sanamu ikawa pambo katika nyumba ya Storms. Baada ya kufa kwake mwaka 1918, mjane wake alitoa vitu vyake kwa makumbusho ya Tervuren. Mafuvu yaliishia katika taasisi ya elimu ya viumbe huko Brussels.

Na lile boma je? Leopold aliwapa Mapadri Weupe mwaka 1885, likawa misheni. Mwaka 1887 akaja Mfaransa mmoja, Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, akapigana miaka mingi na watu wa Rumaliza wa Ujiji, ambao mkono wao ulifika mpaka pwani zetu hizi na Uvira. Huko Mpala alisoma Stefano Kaoze, mtoto wa nchi ile, ambaye mwaka 1917 alikuwa padri Mkatoliki wa kwanza Mkongo katika zama za Wabelgiji, na mapema kabla ya hapo alikwisha kuandika juu ya fikira za watu wake. Basi mahali palipoingia kichwa cha Lusinga kilichokatwa, hapo hapo alitoka mtoto mwenye kalamu. Yote mawili ni kweli, na anayetuambia moja tu anatunyima nusu ya urithi wetu.

Mwaka 2018 magazeti ya Ubelgiji yaliandika tena habari za mafuvu, watu wakashtuka. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyosimama katika uwanja mmoja wa Brussels iliondolewa. Kumwondoa Storms barabarani ni kazi ya siku moja. Kumrudisha Lusinga kwao ni neno jingine.

Najua wako watakaoniuliza: Fuvu la mtu aliyekufa mwaka 1884 litatusaidia nini sisi tunaotafuta unga? Nitawajibu kwa mambo yenu wenyewe. Shimo likiporomoka Misisi na mwenzenu akafukiwa, hamwendi kulala. Mnachimba usiku kucha, hata mkijua amekwisha kufa. Hamwulizi kama alikuwa mtu mwema au mlevi au mwenye deni. Mnamtoa ili azikwe na watu wake. Lusinga naye amefukiwa, na anayejua alipo ni yule aliyemhifadhi sandukuni.

Basi nawaomba mambo mawili. Kwanza, kila kijana mwenye babu au bibi amwulize habari za pwani hii, nani alikuja, alipokelewaje, alijenga nini, na aziandike katika daftari kabla wazee hawajaondoka. Pili, habari za Mpala na za Lusinga zifundishwe katika shule zetu, na uovu wake usifichwe. Mtu anayedai haki ya maiti wake lazima aweze kumtaja jina, na kusema alikaa wapi na alifanya nini.