Majengo ya Mpanda na Majina ya Njia Zake

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wastaafu, na ndugu zangu mliosoma hapa Tabora kabla yangu na baada yangu,

Kamati iliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya mtaa wa nyumbani kwangu, nilidhani wananitania. Sisi tuliotoka Mpanda tulitaniwa sana shuleni. Tulikuwa tukiteremka kwenye treni asubuhi tukiwa wekundu kwa vumbi, na wenzetu wa mjini wakituuliza kama ni kweli kwamba kwetu simba hubisha hodi. Hata hivyo nimekubali, maana jambo lenyewe halihusu Mpanda peke yake. Wengi waliokaa humu ndani wana Majengo yao.

Hesabuni wenyewe. Kuna Majengo ya Moshi, ya Dodoma, ya Songea, ya Tanga, ya Mtwara, ya Singida na ya Sumbawanga. Ukivuka mpaka kuna Majengo ya Mombasa, na ile ya Pumwani, Nairobi. Sisi wa Mpanda tunayo yetu, nayo ni kata kamili katika Manispaa. Jina moja linaporudiwa katika miji mingi kiasi hicho, ujue miji hiyo ilipangwa kwa fikira moja.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, kanuni zao za miji za miaka ya 1920 ziligawanya mji sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba za namna ya Kizungu, zilizojengwa mbalimbali na kuzungukwa na bustani. Ya pili ilikuwa ya maduka na makazi ya wafanyabiashara. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za kienyeji. Kanuni hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba tu, kisha aina ya nyumba ikafanya kazi yote ya rangi. Wananchi hawakuhitaji kusoma kanuni ili kuelewa. Walisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, basi. Na pale walipopimiwa viwanja ili wajijengee wenyewe, pakaitwa Majengo. Uzunguni na Uhindini ni majina ya wakaaji. Majengo ni jina la kazi iliyofanyika pale, na aliyeifanya hatajwi.

Sasa niwapeleke Mpanda, kwa wale ambao hawajafika. Mji wetu ni mchanga ukiulinganisha na Tabora. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, yapata kilomita 210 kupitia mapori ya Ugalla, lilikamilika mwaka 1950. Halikujengwa kwa ajili yetu abiria. Lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na watu wakabaki na reli. Kwa hiyo nyumba za Mpanda zina Wakonongo, Wabende na Wapimbwe ambao ndio wenyeji wa nchi ile, zina Wafipa waliopanda kutoka kusini, Wanyamwezi walioshuka na reli, Waha, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe. Halafu mwaka 1972 walikuja ndugu zetu wakimbizi kutoka Burundi, wakapewa makazi Katumba, na baadaye Mishamo. Wengi wao leo ni raia wenzetu kwa hati walizoanza kupokea mwaka 2014. Mji wa namna hiyo hauna ukoo mmoja unaoweza kukaa ukaugawia majina.

Soma orodha ya kata za Manispaa, utaona. Kashaulili, Nsemulwa, Kawajense, Misunkumilo, Shanwe: hayo ni majina ya lugha za kwetu. Mara unakutana na Uwanja wa Ndege, na Majengo, na Mpanda Hotel. Ndiyo, Mpanda Hotel ni kata, ina diwani na ofisi ya mtendaji, na mgeni akiambiwa kwamba diwani wa Mpanda Hotel anamngoja hudhani ameandaliwa chumba. Tuna na Kazima pia. Wale wenzetu waliosoma Kazima hapa Tabora, na wote tuliokunywa maji ya bwawa la Kazima, tusijidai kwamba jina hilo ni letu peke yetu.

Mkoa nao una hadithi yake. Mpanda ilikuwa chini ya Tabora mpaka mwaka 1974, ndipo ikatiwa katika mkoa mpya wa Rukwa. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Katavi, ukalichukua jina la Hifadhi, na Hifadhi ilikuwa imelichukua jina la ziwa. Wenyeji husema Katabi alikuwa mwindaji, na roho yake hukaa katika mkwaju ulio kando ya ziwa hilo. Hivyo kila barua ya Serikali inayotoka mkoani kwetu hubeba kichwani jina la mzimu wa mkwaju, na sijapata kumsikia mkaguzi akilalamika.

Nisipotee. Nilitaka kusema juu ya njia. Katika Kiswahili chetu neno mtaa lina mambo mawili ndani yake. Dar es Salaam, pale Kariakoo, Mtaa wa Kongo ni barabara, una mwanzo na mwisho. Lakini katika sheria zetu, na katika vinywa vya watu wa Majengo, mtaa si barabara. Mtaa ni watu waishio pamoja, wenye mwenyekiti wao na misiba yao. Ndiyo sababu utawala mzima wa chini huitwa serikali za mitaa. Ukimwuliza mtu wa Majengo anakaa mtaa gani, hakutajii njia iliyo mbele ya nyumba yake. Anakutajia mwenyekiti. Njia yenyewe aghalabu haikuwa na jina la karatasini. Ilikuwa na jina la kuelekezana: njia ya mashineni, njia ya kisimani, kwa fundi baiskeli, kwa mama vitumbua. Dar es Salaam wanafanya hivyo hivyo, na vituo vya daladala ni mashahidi: Tandale kwa Mtogole, Mtoni kwa Aziz Ali, Magomeni Mapipa. Na mkichunguza mtaona kwamba katika majina haya ya kuelekezana wamo akina mama wengi kuliko walivyo katika vibao vya chuma. Sababu ni kwamba mama vitumbua huwapo pale pale kila alfajiri, naye mheshimiwa hupita mara moja kwa gari.

Kwa miaka mingi hali hiyo haikutusumbua. Barua zilikuja kwa S.L.P. ya shule, ya misheni au ya mwajiri. Mambo ya ugomvi, ruhusa na utambulisho yalikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Mwenye kiwanja kilichopimwa alikuwa na namba ya kiwanja na kitalu, akaifungia sandukuni. Njia tatu tofauti za kumjua mtu mmoja, na hazikugongana kwa kuwa hazikukutana.

Zilianza kukutana mwaka 2022. Mtakumbuka kwamba kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti ya mwaka huo, nchi nzima iliendesha operesheni ya Anwani za Makazi. Kila barabara ipewe jina na kibao, kila nyumba namba, na kila kata postikodi. Zetu za Katavi zinaanza na 50. Mimi ni mtumishi wa Serikali na niliiunga mkono kazi hiyo, na bado naiunga mkono. Mkoa wetu ulihesabiwa watu 564,604 mwaka 2012, ukahesabiwa watu 1,152,958 mwaka 2022. Watu wakiongezeka maradufu kwa miaka kumi, huwezi kumwelekeza dereva wa gari la wagonjwa usiku kwa kumtajia mama vitumbua. Tatizo lilikuwa muda. Jina linahitaji kikao, na kikao kinahitaji wazee. Kibao kinahitaji rangi tu.

Niwape mfano wa shangazi yangu. Mwaka 1986 yeye na mumewe walinunua nyumba Majengo, ya vyumba sita, haijaezekwa upande mmoja. Karatasi ya mauziano iliandikwa kwa mkono, ikatiwa sahihi na mashahidi wanne na balozi. Karatasi hiyo inasema nyumba iko Majengo, njia ya mashineni, na upande wa magharibi imepakana na mwembe mkubwa. Mashine ya kusaga iliondolewa zamani. Mwembe ulikatwa. Mume wake alipofariki, shangazi akataka kuandikisha nyumba ili watoto wasije wakagombana, na alipofika katika ofisi aliyoelekezwa, karani akalinganisha karatasi na anwani mpya. Kibao kilichosimama mbele ya nyumba kina jina jingine kabisa, jina zuri tu, halina ubaya. Karani akamwambia alete ushahidi kwamba njia ya mashineni na barabara hiyo ni mahali pamoja.

Simlaumu karani. Mbele yake palikuwa na karatasi mbili zilizotaja mahali pawili. Lakini fikirini mama wa miaka sabini anatakiwa athibitishe kwamba njia aliyofagia mbele ya nyumba yake tangu mwaka 1986 ni ile ile. Ilichukua miezi saba. Aliyetuokoa ni yule balozi wa zamani, mzee aliyestaafu katika reli, ambaye hakuwa akitoka nje ila kwa fimbo. Alitembea na maofisa mpaka kwenye duka moja, akawaonyesha chini ya baraza zege lenye vyuma vinne vilivyokatwa. Hapo ndipo mashine ilipofungwa. Kutoka hapo akahesabu hatua mpaka kilipokuwa kisiki cha mwembe. Maofisa wakaandika, wakapiga mihuri, mambo yakaisha. Mzee yule alifariki masika yaliyofuata. Katika njia ile sasa hakuna mtu mwingine aliyekuwapo wakati mashine inafungwa, na nyumba zenye karatasi kama ya shangazi si moja.

Kuna wanaosema majina ya zamani yarudishwe na vibao ving'olewe. Mimi sisemi hivyo. Jina likibaki bila sababu yake halimsaidii mtu sana. Angalieni Kariakoo yenyewe, iliyopata jina kwa wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia. Pale kuna Mtaa wa Narung'ombe na Mtaa wa Mahiwa. Majina hayo ni ya mapigano yaliyotokea kusini, huko Lindi, mwaka 1917. Maelfu ya watu hununua vitenge na simu katika mitaa hiyo kila siku, na ukimwuliza muuzaji Mahiwa ni nini atakujibu kuwa ni hapa. Vibao vipo na majina yameandikwa sawasawa. Waliokufa Mahiwa hawamo.

Ninachoomba ni kidogo zaidi, nacho chaweza kufanywa na chama kama hiki chetu, chenye watu wa kila wilaya wanaojua kuandika na ambao wazee wao baadhi wako hai. Nimeweka daftari juu ya meza ya Katibu, karibu na mlango. Lina safu nne: jina la njia la zamani, jina lililo kwenye kibao leo, sababu ya lile la zamani, na nani alikueleza. Kurasa sita za mwanzo nimekwisha kuzijaza Majengo ya Mpanda, kwa msaada wa shangazi na majirani zake. Mtendaji wa kata ana nakala, na ameahidi kuitia katika jalada la viwanja. Wenzetu wa Moshi na Songea wanaweza kuanza ukurasa wao. Lakini ninyi wa hapa hapa, wa Ng'ambo, Isevya, Gongoni na Kanyenye, hamna udhuru, kwa kuwa mnaweza kwenda kumwuliza mzee jioni hii na mkarudi kabla ya chakula. Chakula, Mwenyekiti ananiambia, ni saa mbili.