SIMBILISI NI MALI YA MAMA
(Maneno ya kamati ya mifugo midogo, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)



Tumepewa nafasi tuzungumzie simbilisi. Tunajua wengine mkisikia jina hilo mnacheka. Mnasema, katika nchi ya ng'ombe nani ahangaike na kinyama kisichofika hata kilo mbili? Chekeni tu, lakini mtusikilize.

Huku kwetu ng'ombe ni heshima, ila ng'ombe ana mwenyewe. Ndiye wa mahari, ndiye wa ukoo, na akiuzwa mama huambiwa tu kwamba ameshauzwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Sheria ipo, jamani, ila haiji nyumbani kukufungulia zizi. Ndiyo maana tulianza na mnyama ambaye hakuna mkwe atakayemdai. Akiuzwa, fedha zinanunua daftari, sabuni, na hisa ya wiki inaingia sandukuni.

Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wa Peru na Bolivia wamemfuga kwa kitoweo tangu maelfu ya miaka. Hapa nchini wanamjua sana huko Iringa na Mbeya. Na huko Kivu, mashariki ya Kongo, vita ilipowanyang'anya watu ng'ombe na mbuzi, simbilisi alibaki, kwa sababu anafichika na anabebeka. Sisi tunaoujua wizi wa ng'ombe tunaielewa habari hiyo vizuri.

Sasa matunzo. Simbilisi harukiruki wala hapandi ukuta, kwa hiyo banda lake si la gharama. Linataka sakafu kavu, nyasi za kulalia, kivuli, na mlango wa kuzuia paka, kicheche na nyoka. Siafu nao tuwachunge. Joto kali humuua haraka kuliko baridi ya Tarime.

Chakula chake ni majani. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama sisi binadamu, hivyo akikosa majani mabichi hupata kiseyeye: anavimba viungo na kushindwa kutembea. Mpeni ukoka, mabingobingo na matembele, lakini yakaukiwe umande kwanza, asije akavimbiwa. Meno yake hayaachi kukua, ndiyo maana anataka nyasi ngumu za kusaga kila siku. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya parachichi ni sumu kwake. Maji safi yawepo wakati wote.

Jike hubeba mimba kama siku 68, na huzaa watoto wawili hadi wanne, wenye manyoya na macho wazi. Tukihesabu kwa upole, mizao minne ya watoto wawili wawili ni wanane kwa mwaka kwa jike mmoja. Lakini wakifika wiki tatu watengeni madume na majike, maana hupandana wangali wadogo, na ndugu kwa ndugu hudhoofisha kizazi. Badilishaneni madume baina ya vijiji. Na mnyama akiumwa, mwiteni afisa mifugo. Msimchome penisilini iliyobaki ya ng'ombe, itamuua.

Maonyesho nayo yana mambo yake. Kanda yetu, yaani Mara, Simiyu na Shinyanga, hukutana Nyakabindi, Bariadi, kwa Nane Nane. Anayetaka kupeleka simbilisi aanze mapema. Chagueni mwenye macho maang'avu, pua kavu, manyoya yasiyo na mabaka, meno yaliyonyooka. Mkateni kucha. Mzoesheni kushikwa kila siku, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine umebeba makalio, asiogope watu. Mwenye mimba kubwa abaki nyumbani. Safari iwe alfajiri, kwenye tenga lenye nyasi kavu na majani ya kula, na madume wawili wasiwekwe tenga moja. Huko uwanjani wageni wasiwalishe ovyo. Mkirudi, watengeni na wenzao kwa wiki mbili au tatu, wasije wakaleta chawa na upele bandani.

Na kile kibao cha mbele ya kizimba, tusikipuuze. Kiandikwe umri, chakula, na mwenye mali. Hapo pa mwenye mali liandikwe jina la mama aliyeamka kukata majani. Si la kaya, si la mzee wa boma. Watu wapite wasome.

Kwa wenzetu wa vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, liko jambo jingine. Mume akikamatwa na nyama ya porini bila kibali, anayebaki na watoto na njaa ni mama. Hatusemi simbilisi atamaliza ujangili. Tunasema chungu chenye kitoweo cha nyumbani kinampa mama sauti ya kumwambia mumewe, baba fulani, leo usiende.

Tunajua Wasabato na Waislamu miongoni mwetu hawali nyama hii. Hatumlazimishi mtu. Ambaye hali, afuge auze, na mbolea apeleke kwenye migomba.

Utaratibu wetu ni ule ule: mwanachama anakopeshwa majike wawili na dume mmoja, wakizaa anarudisha idadi ile ile kwa mwenzake anayefuata. Anayefuata yupo, anasubiri, tusimcheleweshe.

Kina baba, kwenu tuna ombi moja. Siku mkiwa na shida ya fedha, bandani msiingie kimya kimya. Mwombeni mwenye mali. Akikubali, sawa, akikataa, amekataa mwenye chake.