Umeme, sonona na majina makubwa

Mwaka 1972, Seneta Thomas Eagleton wa Marekani aliteuliwa kuwa mgombea mwenza wa urais. Ikafichuka kwamba aliwahi kulazwa kwa sonona na kutibiwa kwa umeme. Siku 18 tu baada ya kuteuliwa, akajitoa. Mwaka 2011, mwigizaji Carrie Fisher, yule Leia wa Star Wars, aliandika juu ya tiba hiyohiyo katika kitabu Shockaholic, tena kwa mzaha.

Wengi bado wanadhani ni mateso, na filamu zina lawama hapo. Siku hizi mgonjwa hupewa nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli. Umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, ubongo unapata degedege la muda mfupi, mwili unatikisika kidogo tu. Mara nyingi husaidia pale vidonge vilipogonga mwamba. Lakini kumbukumbu huweza kuchuja, na Fisher mwenyewe hakulificha hilo. Namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa utani wake.

Tangu 2008 Marekani imeidhinisha pia tiba ya sumaku: koili huwekwa juu ya kichwa, mgonjwa yu macho, hana haja ya kulala. Ila hulazimika kufika kliniki karibu siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Nyota wa filamu atapanga ratiba yake. Mfanyakazi wa zamu kiwandani ataomba ruhusa kwa nani, na atasema anaumwa nini?