Pampu ya Mafuta ya Gari: Tuisikilize Kabla Haijanyamaza

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Wilaya za Tarime na Serengeti



Nimeombwa nizungumzie matunzo ya magari ya miradi. Nimechagua kifaa kimoja tu, yaani pampu ya mafuta. Gari likizimika njiani pampu ndiyo husingiziwa kwanza, na ni kifaa cha bei kubwa. Semina hii haitatufanya kuwa mafundi. Lakini ninyi wanakamati ndio mnaoidhinisha malipo, na anayejua maswali ya kumwuliza fundi huokoa fedha za usharika.

Pampu hufanya kazi gani?

Tangi la gari liko chini, kwa kawaida upande wa nyuma. Injini iko mbele na juu zaidi. Mafuta hayapandi yenyewe. Lazima kuwe na kitu cha kuyavuta na kuyasukuma. Pikipiki nyingi za wainjilisti wetu hazina pampu, kwa sababu tangi liko juu ya injini na petroli hushuka kwa uzito wake. Kwa magari kuna aina kuu tatu.

Ya kwanza ni pampu ya magari ya zamani ya petroli yenye kabureta. Imefungwa kwenye injini, na ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka. Kiwambo kikichanika, petroli huvuja nje au huingia kwenye oili ya injini. Oili ikinuka petroli, msiliwashe gari hilo hadi fundi alione.

Ya pili ni pampu ya umeme ya magari ya petroli ya siku hizi. Hukaa ndani ya tangi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 30 hivi. Pampu hii husukuma petroli kwa nguvu ya 40 au zaidi kwa kipimo hicho hicho. Inapofanya kazi hupata joto, na petroli inayoizunguka ndiyo huipoza. Dereva anayezoea kutembea na tangi linalokaribia kukauka anaiunguza pampu kidogo kidogo.

Ya tatu ni ya dizeli, na hapa ndipo yalipo Land Cruiser yetu mengi. Kuna hatua mbili. Kwanza dizeli huvutwa kutoka tangini kupitia chujio. Kisha pampu kubwa huisukuma hadi kwenye nozeli kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida mara mia moja na zaidi. Katika magari mapya unapita mara elfu moja, kwa hiyo mtu asilegeze wala kupapasa mabomba hayo injini ikiwa inanguruma. Dizeli inaweza kupenya ngozi na kumjeruhi vibaya.

Jambo la kukumbuka ni hili: dizeli ndiyo inayoilainisha pampu hiyo. Pampu nyingi za namna hii hazina oili nyingine. Maji yakiingia, chuma hushika kutu. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, vyuma husagana.

Adui za pampu

Uchakachuaji tunaujua sote. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Hatua hizo zilisaidia, lakini haziwezi kuyafuata mafuta hadi kwenye dumu lililo kando ya barabara. Dumu hilo huenda jana lilibeba maji, na juzi mafuta ya taa. Gari linaloondoka Tarime kwenda Mugumu lijazwe kituoni kabla ya safari. Yakilazimika kununuliwa ya dumu, yachujwe kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, na dereva aandike kwenye daftari mahali alipoyanunua. Kitambaa huzuia uchafu tu. Hakitambui mafuta ya taa.

Maji huingia hata bila dumu. Tangi likilala nusu tupu, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone usiku. Kwa hiyo gari lijazwe jioni. Magari mengi ya dizeli yana koki ndogo chini ya chujio. Ifunguliwe kila wiki, na wakati wa mvua mara nyingi zaidi, mpaka maji yaishe na dizeli safi itoke.

Dalili za pampu inayochoka

Mara nyingi pampu haifi ghafla. Hutoa taarifa mapema, na anayeisikia kwanza ni dereva. Mwulizeni haya:

1. Je, gari linakimbia vizuri tambarare lakini linakosa nguvu mlimani, kwa mfano likitoka bonde la Mto Mara kupandisha Nyamwaga? Maana yake mafuta yanafika, ila hayatoshi.

2. Je, asubuhi linawaka kwa shida, mpaka lipigwe pampu ya mkono? Huenda upepo unaingia penye mpira uliopasuka, na dizeli inarudi tangini usiku.

3. Gari la petroli: je, linazimika likipata joto, kisha linawaka baada ya kupumzika? Au tangi linatoa mlio mkali usiokuwapo zamani? Hizo ni dalili za pampu ya umeme inayochoka.

4. Je, kuna harufu ya mafuta, au unyevu chini ya gari asubuhi?

5. Je, ulaji wa mafuta umepanda kwenye njia ile ile?

Tusiinunue kabla ya kupima

Dalili hizo hizo zinaweza kuletwa na kitu cha bei ndogo. Msimu mmoja wa mvua, gari lililobeba wauguzi wa kliniki ya watoto lilizimika kabla ya kufika Mugumu. Akina mama waliosubiri na watoto tangu asubuhi walirudi nyumbani bila chanjo. Karakana moja, ambayo sitaitaja, ilisema pampu imekufa na inunuliwe mpya. Kamati ilikuwa imekwisha kukubali kukopa kutoka fungu la kisima. Mzee mmoja fundi akaomba alione kwanza. Alipobonyeza pampu ya mkono juu ya chujio, ilizama isirudi. Akasema, "Hapa kuna kitu kimeziba huko tangini." Tangi liliposhushwa, kichungio cha ndani kilikuwa kimejaa matope. Kilisafishwa, upepo ukatolewa, na gari likawaka. Pampu haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo napendekeza kila kamati iwe na utaratibu huu kabla ya kuidhinisha pampu:

Kwa dizeli: chujio libadilishwe, maji yamwagwe, mipira na klipu zikaguliwe, upepo utolewe. Kisha swichi iwashwe bila kupiga starta. Kwenye pampu nyingi kuna vali ndogo ya umeme inayofungua dizeli, nayo hulia "ta!" mara moja. Isipolia, anzeni na waya wake. Haya yote yakishindikana, pampu ipelekwe penye mashine ya kuipimia, na majibu yaandikwe kwenye karatasi.

Kwa petroli: washeni swichi na msikilize tangi. Kwa kawaida pampu huvuma sekunde mbili hivi. Ikiwa kimya, anzeni na fyuzi, rilei na waya.

Na kila kifaa kinachobadilishwa, cha zamani kirudi mezani kwa kamati.

Kwa marafiki wetu wafadhili, nasema kwa heshima na shukrani: gari hutolewa mara moja, bali chujio hutakiwa kila mara. Kwa vumbi na mafuta ya huku, kulibadilisha kila kilomita 10,000 si mapema mno. Bajeti inapopunguzwa, fungu la matengenezo ndilo hukatwa kwanza, kwa kuwa halina picha ya kuweka kwenye ripoti. Tunaomba lisiguswe.

Wale wanawali watano wapumbavu waliishiwa mafuta. Sisi mara nyingi mafuta tunayo tangini, ila hayafiki yanapotakiwa. Naomba kila kamati, kabla ya kikao kijacho, imwite dereva wake, imwulize maswali yale matano, na majibu yaingie kwenye muhtasari.